Gauni Lililoungua

Sindano, jina alilopewa kazini kwa wembamba wake na kwa ulimi wake, alikubali kutoka na wakala wa bima kwa sababu moja tu: bwana yule alikuwa na adabu. Nusu saa baada ya kuketi naye mgahawani mchana ule, adabu yenyewe ilianza kumtisha.

Kwanza alimwagizia chakula bila kumuuliza. Kisha akaichukua simu ya Sindano pale mezani, akaitia kwenye mfuko wa shati lake. "Tuangaliane sisi," akasema kwa tabasamu, "hivi vidude vinatuharibia." Sindano aliposema atarudi kwa basi, bwana akatikisa kichwa. "Nakupeleka mwenyewe mpaka mlangoni. Si lile geti la bluu?"

Sindano hakuwahi kumwambia anakaa mtaa gani, sembuse rangi ya geti. Hapo hapo akaapa moyoni: gari la mtu huyu hapandi, liwe liwalo.

Bahati nzuri alikuwa na shangazi. Shangazi ndiye mwenye duka la kushona magauni ya harusi alikofanya kazi Sindano, mtaa wa pili tu kutoka pale, na wiki iliyopita walikuwa wamepanga: mpwa akikwama na mwanamume, apige simu aseme gauni la bibi harusi limeungua na pasi, na shangazi atakuja mbio. Walicheka sana siku ile, shangazi akiwa na pini mdomoni.

"Naomba nimpigie shangazi, bosi wangu, mara moja," Sindano akasema. "Kuna gauni la watu."

Bwana bima akaitoa simu, akamtaka aguse kioo chake kwa kidole ifunguke, kisha akapiga mwenyewe, akaweka spika, akaishikilia simu katikati ya meza.

"Shangazi, lile gauni la bibi harusi limeungua na pasi."

"Lipi?" Shangazi akauliza.

"La bibi harusi, Shangazi."

"Nina mabibi harusi watatu, we mtoto! La lesi? Usiniambie la mkia mrefu! Umeliunguza la mkia?"

Shangazi alikuwa amesahau kila kitu.

"Shangazi, si tulizungumza..."

"Nizungumze nini na mtu aliyeniunguzia gauni? Uko wapi?"

Akautaja mgahawa harakaharaka, kabla simu haijakatwa.

"Bosi wako ana makelele," akasema bwana bima, simu ikirudi mfukoni. "Haya, twende."

"Sijamaliza chai." Akaanza kuinywa kwa kijiko.

Mhudumu, mama wa makamo, alimtazama mtu mzima anayekunywa chai kwa kijiko, akautazama ule mfuko wenye simu mbili. Bwana alipodai bili, mama akajibu kwamba mashine imegoma. Nyuma yake mashine ilikuwa ikitoa risiti ya watu wengine.

Mara mlango ukafunguka kwa kishindo. Shangazi huyo! Ndala miguuni, tepu shingoni, na mkononi mkasi mkubwa aliosahau kuuacha.

"Miaka ishirini na saba!" akafoka, akimkamata mpwa wake sikio. "Miaka ishirini na saba sijaunguza hata leso, wewe unaniunguzia gauni!"

Sindano hakujibu neno. Akahisi vile vidole vikilegea sikioni. Mtoto huyu hajawahi kugombezwa akanyamaza tangu azaliwe. Shangazi akatazama sahani ambayo haijaguswa, kisha mfuko wa shati, ambamo simu ilichungulia ndani ya kava la lesi alilolishona yeye mwenyewe. Vidole vikakamata tena, safari hii polepole.

"Simu," Shangazi akasema, akinyoosha mkono wenye mkasi. "Ina vipimo vya wateja wangu."

"Mama, sisi tulikuwa tunazungumza tu..."

Shangazi akamkagua juu mpaka chini. "Mabega kumi na tisa. Shingo kumi na sita na nusu. Bega la kushoto limeshuka nusu inchi. Kipimo nikishakichukua hakinitoki, baba. Pita mtaani kwetu, hata ukinipa mgongo nitakujua."

Simu ikatoka mfukoni.

"Na bili yako hii hapa," akasema mhudumu. "Mashine imepona."

Njia nzima Shangazi hakuuachia mkono wa Sindano. Walipofika dukani alikwenda moja kwa moja kwenye magauni matatu, akageuza pindo moja baada ya jingine. Yote mazima. Ndipo akakaa chini.

"Nilisahau, mwanangu," akasema. "Nilikuja kukuchapa. Kama wiki hii nisingekuwa na gauni hata moja dukani, ningedhani unatania, ningecheka nikakata simu."

Sindano alitafuta la kumtania, akalikosa, akaangua kilio. Shangazi naye akalia, akifuta machozi kwa kipande cha lesi ya mteja.

"Leo unalala kwangu. Na lile geti tutalipaka rangi nyingine."

Kisha akainuka, akachukua chaki, na ukutani juu ya pasi akaandika kwa herufi kubwa: GAUNI LIKIUNGUA, USIULIZE LIPI.