Aliyekunywa Maji ya Kina Hyasinta

Mwalimu Mkuu Leodegar alipomkabidhi Germana kazi ya mwalimu wa malezi, alimkabidhi na fimbo. "Wewe ni mwanamke," alimwambia, "tena mzaliwa wa kijiji hiki hiki cha Daa. Wasichana watakusikiliza." Germana aliiweka ile fimbo juu ya kabati na hakuishusha tena. Walimu wenzake walimcheka, wakasema mwalimu wa malezi asiye na fimbo ni sawa na mpishi asiye na mwiko. Aliwajibu kwamba yeye hasongi ugali, analea watoto.

Ulikuwa mwaka themanini na tatu, kiangazi kikali, vumbi jekundu mpaka kwenye meno. Mtihani wa darasa la saba ulikuwa unabisha hodi. Katika darasa hilo hakukuwa na mtoto mwenye kichwa kama Hyasinta, na kila mtu alijua kwamba kama kuna msichana wa Daa atakayekwenda sekondari mwaka ule, ni yeye. Kisha mdogo wake Hyasinta, mtoto wa mgongoni, akafa kwa homa.

Kwa Wairaqw, nyumba iliyofiwa na mtoto anayenyonya huingia metimani. Watu wake hawapewi mkono. Moto wao hauchukuliwi, maji yao hayanywewi, na wakikutana na mtu njiani wao ndio wanaoingia majanini kumpisha. Hukaa hivyo mpaka wazee waseme imetosha, na wazee hawana haraka, maana si wao wanaokaa. Mapadri walikuwa wamehubiri dhidi ya jambo hilo mpaka sauti zikakauka. Watu waliitikia amina, wakatoka kanisani, wakaendelea kumpisha mfiwa kwa mbali.

Hyasinta alirudi shuleni baada ya mazishi. Wenzake walihama dawati lake kimya kimya, na mmoja akaisogeza ndoo ya maji ya darasa asije akaigusa. Hakuna aliyemtukana. Alikusanya madaftari yake akaenda zake nyumbani.

Mchana ule, kengele ya mwisho ilipolia, Germana alimfuata. Alimkuta amekaa nyuma ya zizi, daftari la hisabati liko magotini. Msichana alipomwona aliruka akasimama.

"Mwalimu, shikamoo. Simama hapo hapo, tafadhali. Usije."

"Marahaba. Kwa nini nisije?"

"Utaingia na wewe."

Hapo ndipo hasira ilipompanda Germana. Hakumkasirikia mtoto. Aliwakasirikia watu wazima waliomfundisha mtoto wa darasa la saba kujiona yeye mwenyewe ni ugonjwa, akawahurumia wengine badala ya kuhurumiwa. Alivuka uwanja kwa hatua za kishari, akaingia ndani bila kubisha, akamkuta mama Hyasinta kwenye kigoda, macho makavu, maziwa yamemlowesha kifuani. Mumewe alikwenda Loliondo kutafuta vibarua akimwacha na mimba ya huyo mdogo, na habari zake zilikoma huko huko. Germana alimshika mikono yote miwili.

Yule mama alijaribu kuichomoa. "Mwalimu, wewe ni mtoto wa hapa. Unajua."

"Najua sana, mama. Nina kiu. Nipe maji."

Akapewa kibuyu, akanywa mpaka tone la mwisho. Kisha akamwita Hyasinta ndani, wakafungua hisabati.

Kuanzia siku hiyo alikwenda kila jioni. Hakujificha, wala hakutangaza. Kwa kuwa watu walikuwa wakikwepa njia ya nyumba ile, hakuna aliyemwona. Na maisha yake mengine yaliendelea vilevile: alipeana mikono na watu kanisani, alipewa moto na jirani, na mzee Tluway, mwenyekiti wa kamati ya shule, alipombatizisha mjukuu wake mchanga, Germana alialikwa akala nyama na kunywa togwa pamoja na wenye nyumba.

Walimu wawili walipouliza kama Hyasinta ataruhusiwa kufanya mtihani, kamati ikaitwa. Wazee walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa videvu. Mzee Tluway alisimama na kusema bila kuzunguka kwamba msichana akiingia darasani, wazazi watawatoa watoto wao. Mtihani upo hata mwakani.

"Mwakani hakuna, Aako," alisema Germana kutoka nyuma, akimwita babu kwa Kiiraqw kama walivyomwita wote. "Darasa la saba hufanywa mara moja. Akikosa, ni jembe na kuolewa."

"Mwalimu Germana, kaa chini," alisema Leodegar. Alikuwa Mchaga, hakuitaka kabisa vita ya mila za watu. "Kazi yako ni malezi."

"Ndiyo ninayoifanya, Mkuu."

"Mila si yako kuivunja," alisema Tluway.

"Imeshavunjika. Nimekunywa maji ya kina Hyasinta tangu kesho yake ya mazishi. Nimekaa kwenye moto wao, nimemshika mama yake mikono. Kila jioni."

Madawati yalilia. Wawili waliokuwa karibu naye walisogea, mmoja akaanguka chini na dawati lake. Germana hakucheka, ingawa alitamani.

"Msisogee, mmechelewa. Wewe Moringe, Jumapili ulinipa mkono mlangoni mwa kanisa. Bartolomeo, mkeo alinipa moto juzi. Na wewe, Aako, ulinialika ubatizo. Nilikunywa kwenye kibuyu chako, nikakupa, ukanywa baada yangu ukasema togwa imekolea."

Mzee Tluway alikaa chini polepole. "Ulikuja kunitega nyumbani kwangu."

"Nilikuja kwa sababu ulinialika, nami nakupenda. Nisingekuja ungesema nina dharau." Akawageukia wazee wote. "Sasa hukumuni. Kama nyumba ile ina metimani, basi ninayo mimi, unayo wewe, na anayo kila aliyekula siku ile. Mnada wa Karatu ni keshokutwa. Tangazeni leo kwamba Daa nzima haiuzi ng'ombe, hainunui, haipeani mkono, mpaka wazee waseme imetosha. Au semeni kwamba maji ni maji."

Mtu mmoja alikohoa. Tluway alikuwa na mafahali aliowanenepesha kiangazi kizima kwa mnada ule, na kila aliyekuwamo alilijua hilo. Aliangalia mikono yake, mgongoni na viganjani, kama mtu anayetafuta upele asiuone.

"Ng'ombe wangu amezaa salama tangu siku ile," alisema hatimaye, kama anayejiambia mwenyewe. Kisha akanyanyuka. "Mtoto afanye mtihani. Lakini wewe, Germana, usikanyage tena kwangu."

"Nitakanyaga, Aako. Mjukuu wako Bernadina akitoroka shule, nitakuja kumchukua. Ndiyo kazi yangu."

Leodegar alimwambia baadaye kwamba kwa ujeuri ule angeweza kuhamishwa. Germana alimwambia amhamishe baada ya mtihani.

Asubuhi iliyofuata Hyasinta aliingia darasani ameinamisha kichwa, akaenda kwenye dawati lake tupu. Germana alichota maji kwenye ndoo kwa kikombe cha bati, akampa. Hyasinta alimtazama, akanywa. Germana akachota tena, akanywa yeye, kisha akakiinua kikombe juu.

"Nani ana kiu?"

Kwa vumbi lile, wote walikuwa nayo. Hakuna aliyenyanyuka. Germana alisubiri, mkono wake umeanza kuuma, na moyoni alianza kuogopa kwamba amewashinda wazee akashindwa na watoto. Ndipo Bernadina, mjukuu wa Tluway, akatoka nyuma huku anaburuta miguu, akakipokea kikombe kwa mikono miwili, akanywa kwa pupa kama mwenye ugomvi na mtu. Kisha akaenda kukaa na Hyasinta.

Jioni ile Germana alikwenda kwa mama Hyasinta. Alimkuta amesimama mlangoni, anamngoja tangu mchana.

"Walimsogelea?"

"Bernadina amekaa naye."

"Na maji? Walikunywa baada yake?"

"Si wote," alisema Germana. "Lakini ndoo iliisha."

Yule mama, ambaye hakuwa amelia tangu siku ya mazishi, alimshika Germana mikono yeye mwenyewe, akalia kwa sauti hadi nyumba za jirani zikasikia. Na jirani mmoja akaja.