Moto wa Matanga Chini ya Fare

Askari walikuwa wamejaa kwa mama Cibalonza tangu mchana. Hawakumpiga wala kumtukana, na hilo ndilo lililomtia hofu zaidi. Mwenye bunduki akikuita maman kwa sauti ya upole, jua ana haja nawe, na haja yake si ya kukusalimia.

Nyumba yake ilikuwa kwenye rasi ndogo, nje kidogo ya Bukavu. Nyuma yake kulikuwa na mnara wa mawe wa enzi za Wabelgiji, na juu yake taa. Watu wa ziwa wanauita fare. Marehemu mume wake, Placide, aliiwasha taa hiyo mpaka alipofariki, na baada yake ni mama Cibalonza aliyepanda ngazi kila jioni, kunyeshe kusinyeshe. Mbele ya rasi kuna mwamba uliozama kidogo tu. Asiyeiona taa, mwamba unampasua mashua. Anayeiona anauzunguka na kutua ufukweni, pale pale chini ya nyumba.

Ilikuwa mwaka wa tisini na sita, vita imeingia mjini, na milio ya bunduki ilisikika toka mtaa wa Nyawera. Murhula, mtoto wake wa pekee, alikuwa ameondoka asubuhi na mashua ya mashini kupeleka watu waliokuwa wakikimbilia kisiwa cha Idjwi. Giza likianza kuingia angerudi kumchukua mama yake. Katika nyumba ile waliishi wawili tu, mama na mwana.

Nani alimwambia komanda wa askari wale habari hizo, Mungu anajua. Alitaka mashua ya kuvushia watu wake, na vijana wa mashua waliokamatwa juma lile hakuna hata mmoja aliyeonekana tena. Akamwangalia mama Cibalonza akatabasamu.

“Maman, utawasha taa yako sawa kila siku,” akasema. “Mashua ikipita bila kutua, tutakuuliza weye.”

Sasa afanye nini, jamani? Akiizima, mwanawe anakwenda mwambani. Akiiwasha, anatua mikononi mwa hawa. Mama Cibalonza alipanda ngazi, akaiwasha taa. Alipokuwa anashuka ndipo lilipomjia wazo la matanga.

Pande zile za ziwa, nyumba ikifiwa, gogo refu hulazwa uani mbele ya mlango na kuwashwa kichwani, na watu hulala kando yake mpaka mazishi yapite. Mashua ikiona moto huo ufukweni haitui. Ni heshima: hushushi abiria na mizigo mbele ya maiti ya watu, unapita zako mpaka kituo kingine. Kila nahodha anajua. Komanda, mtu wa kutoka mbali, atajulia wapi?

Basi akamwambia kwamba baridi ya ziwa ni mbaya, afadhali awawashie moto vijana wake. Komanda akamshukuru, eti ana roho nzuri. Askari wenyewe ndio waliobeba gogo. Moto ukashika, ukapanda, uani kukawa kweupe, na wale vijana wakaunyooshea mikono. Mama Cibalonza akakaa kwenye kizingiti. Alijiona mjanja kweli, na kwa mara ya kwanza siku ile akapumua.

Haikupita muda mashini ikasikika toka upande wa Idjwi. Ilikuja taratibu, kama siku zote. Ilipoufikia mwamba ikapunguza mwendo, na mama Cibalonza akaomba kimoyomoyo: pita, mwanangu, pita tu. Mashini ikazimika.

Hapo akaelewa alichokifanya. Mashua za watu zingepita, ndiyo. Lakini ni mtoto gani anayepita matanga ya nyumbani kwao? Na nyumba ya watu wawili, mmoja akiwa ziwani, moto ule unamlilia nani?

Kilio kikaja toka kwenye maji. Mwanamume mzima alikuwa analia kwa sauti, anamwita mama yake kwa majina yote, anamwomba amsamehe kwa kuchelewa. Alikuwa amezima mashini kwa sababu mfiwa haendi kwenye maiti kwa kelele. Alikuja kwa kasia, taratibu, na kila pigo lilimleta karibu. Askari walikuwa wamekwishalala kifudifudi kwenye mawe. Komanda akaweka kidole mdomoni na kumwelekezea mama Cibalonza bastola.

Aliiona. Aliogopa mpaka nguo ikamlowa, sisemi uongo, na bado akasimama.

“Murhula! Mi niko muzima!” alipiga kelele kwa nguvu zake zote. “Usikuye huku! Rudia, mutoto wangu, wanakungojea na bunduki!”

Pigo la kitako cha bastola likamwangusha kando ya moto. Hakusikia maumivu. Alikuwa anasikiliza ziwa tu. Kilio kilikatika. Kasia likanyamaza.

“Maman?” sauti ikauliza gizani, imejaa furaha kama ya mtoto mdogo, kana kwamba la bunduki hakulisikia. “Maman, uko muzima?”

Mama Cibalonza akataka kujibu, lakini buti lilikuwa limemkalia shingoni. Kisha mashini ikawaka, ikanguruma kwa nguvu zote. Akafumba macho, akaisikiliza inakwenda upande gani.

Ilikuwa inakuja.