Picha Ishirini kwa Sekunde

Zilibaki dakika kumi fainali ya mashindano ya michezo ya kompyuta ianze, na kwenye skrini gari la mchezo lilikuwa likishtuka-shtuka kama lina kwikwi. Picha ishirini kwa sekunde! Jasho jembamba likamtoka fundi aliyeiunda kompyuta hiyo. Kadi ya picha, ile inayochora mchezo kwenye skrini, ilikuwa mpya, kwa hiyo lawama zote alishaitupia prosesa, ubongo wa kompyuta: kuukuu, inaifanya kadi isubiri. Asubuhi ile alikuwa amechomoa prosesa ya kompyuta ya dada yake, kimyakimya, akaipachika humu. Wapi! Hali ilikuwa ileile.

Mama mfagizi wa ukumbi akainama nyuma ya meza. "Mwanangu, mbona waya wa skrini yako umechomekwa huku juu, na nyaya za wenzako zote ziko chini?"

Fundi akachungulia. Waya haukuwa kwenye kadi kabisa, bali kwenye tundu la kompyuta lisilopitia kadi. Kadi ilikuwa imekaa bure siku nzima. Akauhamisha. Picha mia na arobaini! Gari likateleza kama limepakwa mafuta, ukumbi ukalipuka kwa makofi.

Simu yake ikaita.

"Kaka, njoo mbio," dada yake alikuwa karibu kulia. "Kompyuta imegoma kuwaka, na usaili wangu wa kazi wa mtandaoni unaanza sasa hivi."