Kiduara cha Upande wa Kushoto

Daftari la fundi cherehani lilikuwa na vipimo vya wanawake wa mtaa mzima, na kila siri ya mwili humo ilikuwa na alama yake ya penseli, alama aliyoijua mwenyewe tu. Kiduara kwenye ukurasa wa Mwalimu maana yake titi la kushoto lilikatwa hospitali, kwa hiyo gauni litiwe sifongo kwa ndani. Miaka sita jambo hilo lilikaa baina yao wawili, halikutoka hata kwa kukohoa.

Basi binti wa fundi akapata kazi ya majaribio kwenye kampuni ya simu. Akamwambia, "Mama, daftari hili panya wakilitafuna umekwisha. Tulitie kwenye simu."

"Na nani atasoma?"

"Mimi na wewe tu, mama yangu. Au unadhani simu ina mdomo?"

Wakacheka. Jioni tatu wakakaa, mama anasoma, binti anabofya. Walipofika kwenye kiduara, fundi akasema, "Hapo ruka."

"Hairuki, mama. Pasipojazwa haiendi mbele."

Fundi akamtazama mtoto aliyemzaa mwenyewe, akamnong'oneza.

Mwezi haukuisha, Mwalimu akaingia na gauni mkononi, salamu hakuna. Akamsogezea fundi simu: "Mpendwa mteja, titi bandia la kushoto, saizi yako, limefika."

"Nilikuwa darasani, simu nimeiacha ofisini," akasema. "Mwenzangu akawasomea walimu wote, akidhani ni mzaha. Dada, aliyejua ni wewe peke yako."

Fundi akageuka kwa binti yake, aliyesimama mlangoni na sare ya kazi aliyomshonea kwa mkono wake.

"Uliwapa?"

"Kampuni walitaka orodha ya wanawake mia na namba zao ndipo waniajiri. Nilijua wataitumia, mama. Sikujua kama hivi."

"Na kiduara?"

"Hicho ndicho walichokipenda zaidi."

"Kifute, basi."

"Hakifutiki. Kiko kwao sasa."

Mwalimu akatandaza gauni mezani. "Fumua sifongo."

"Mdogo wangu, jamani..."

"Fumua. Namficha nani tena?"

Fundi akavaa miwani, akachukua wembe, akaanza kukata uzi mmoja mmoja, taratibu, asije akaumiza kitambaa.

"Mama, nikushikie?" binti akauliza.

Fundi akalivutia gauni upande wake.