Damu Yangu Imebaki na Tisini na Sita

Infirmière Victoire, muuguzi wetu, alinisomea namba ya damu yangu siku ya Alhamisi. Jumamosi yake nilikuwa natakiwa Mutarule, kunywa pombe ya kumaliza matanga na mama mkwe wangu, kwa mrija mmoja.

"Tisini na sita," akasema.

Mwezi wa pili ilikuwa mia nane na kumi. Mwezi wa ine, mia tatu na sitini. Shule niliiachia darasa la tatu, lakini kitu kinachoteremka nakitambua.

Tulikuwa kwenye chumba kidogo cha sante, zahanati ya kule Uvira, dirisha linaangalia ziwa ambalo limeshakula barabara na nusu ya ukuta wao. Walikuwa wametuandika watu arobaini tuliochanjwa. Walisema wakubwa wanataka kujua kinga ya chanjo ya corona inakaa muda gani ndani ya mtu, basi tuwe tunakuja kutoa damu kila baada ya miezi miwili, mitatu. Damu ilikwenda mbali kwenye barafu, namba ikarudi kwenye karatasi. Kile walichokuwa wanakipima wanakiita anticorps. Victoire anatuelezaga kwamba ni askari ndani ya damu. Siku ya kwanza nilimjibu kwamba askari tunao wengi hapa kwenye bonde la Ruzizi, na adui akija najua wanakuwa wapi. Hakucheka. Ni mzaliwa wa Makobola, kule watu walikouawa kwa mamia.

Nilimuuliza itafika ziro lini. Akanieleza pole pole, kama mtu anayeeleza kwa mara ya arobaini, kwamba haiko hivyo. Askari wanapungua kwa kila mtu, miezi inavyoenda, lakini mwili haumsahau adui. Akirudi, unatengeneza wengine. Ndiyo maana hata nikishikwa, si rahisi ugonjwa uniangushe chini. Nikamwambia sikuulizia mimi kuanguka. Naulizia yule anayekaa pembeni yangu.

Alifunga kalamu yake. "Papa Sévère, hiyo namba haiwezi kukuambia vile. Unaweza kushikwa bila kusikia kitu, na ukampa mwingine."

"Sasa namba gani itaniambia?"

"Haiko."

Nikamwomba anipime basi kama niko nayo leo. Akasema vipimo vilivyobaki wameamrishwa kuviweka kwa wanaovuka mpaka, na hata angenipima, kipimo cha Alhamisi hakijui mambo ya Jumamosi. Simlaumu yeye. Nawalaumu wale wanaomtuma. Kwanza walisema sindano, basi. Halafu wakasema sindano mbili. Halafu, baada ya miezi kadhaa, ingine tena. Sasa wanatutoboa mikono ili watuulize sisi inakaa muda gani. Mtu anayejenga daraja anauliza wapita njia kama litashika!

Ni hao hao waliotuita kwenye mkutano wa walimaji wa mpunga, mwezi wa sita wa mwaka jana. Watu mia mbili ndani ya salle moja, madirisha yamefungwa kwa sababu ya vumbi, ili mkubwa mmoja aje atusomee karatasi. Nilirudi Luberizi na kikohozi. Mke wangu Capitoline aliniuguza siku sita. Mimi nilipona, yeye akashikwa. Hospitalini bombe, mtungi wa oksijeni, ilikuwa moja na vitanda vilikuwa vinane. Walimzika ndani ya plastiki, watu wamevaa kama wapulizaji wa dawa ya kahawa, na mama yake, Mama Célestine, akasimamishwa nyuma ya kamba. Hakumwosha mtoto wake. Hakumwona uso.

Siku zile za kilio nilisema maneno. Nilisimama katikati ya watu pale Mutarule nikasema, kesho wakubwa hao watatuletea sindano, na mtu wa nyumba hii asiikubali, maana waliotunyima hewa hawawezi kutupa uzima. Mama Célestine aliitikia kwa kichwa. Ananiheshimu, mimi ni mukwe wake mkubwa. Neno langu alilishika.

Chanjo ilipofika kweli, miezi mitano baada ya kilio, binti yangu Bella alilia siku mbili kwamba hataki kumzika na baba pia. Nikaenda Uvira kwa mguu, alfajiri, watu wasinione. Nikachanjwa. Nikarudi kwa ya pili. Na kule Mutarule sikumwambia mtu.

Sasa mwaka umetimia. Kwetu sisi, matanga ya mke yanamalizika hivi: mtungi wa pombe ya mtama unawekwa katikati, mrija ni mmoja, mfiwa anavuta, halafu anampa yule aliyemzaa marehemu, anavuta. Kabla ya hapo nyumba bado iko kwenye kilio. Haichezi ngoma, haiozeshi binti. Bella ameposwa na Michée, kijana mzuri, na wazee wa Michée wameshatuma watu mara tatu kuuliza tunamaliza lini. Tena Bella ana mimba ya miezi mine. Mimba haingojei kamati ikutane.

Nikinywa, labda ninampa mama wa Capitoline kitu kile kile nilichompa Capitoline. Miaka sabini na minane, na hajachanjwa kwa sababu yangu. Nisipokunywa, mtoto wangu atazalia ndani ya kilio, na wazee wa Michée watatafuta kwingine. Ndiyo vile nilikuwa nimefungwa.

Alhamisi ile ile nilimwomba Victoire anipige sindano ingine pale pale. Akasema chupa ni ya watu kumi. Akiifungua kwa mtu mmoja, zingine zinamwagwa, na juu watamkaripia. Nilete watu. Tena akanionya kwamba sindano ya leo haifanyi kazi keshokutwa, inataka wiki. Nikasema basi itafanya ikitaka, nitawaleta.

Ijumaa nzima nilizunguka Luberizi. Nilipata mwalimu wa shule ya msingi na Apolline, muuza mafuta ya mawese anayetaka karatasi ya kuvukia Bujumbura. Wawili. Kwenye mashine ya kukoboa mpunga, mwendeshaji wake Ngendakumana alinisikiliza mpaka mwisho, pumba zimemjaa kwenye nyusi, halafu akaita wenzake waje wasikie.

"Si weye ulituhubiria kwenye kilio? Mimi nilikuwa nakula maharagwe yako, nikasikia kila kitu. Leo wamekupa kofia na T-shirt?"

Wakacheka. Nikamwambia hawakunipa hata maji. Akasema basi niko mjinga mara mbili. Watu walichukua maneno yangu bure, na sasa hata kwa kuomba hawayarudishi.

Jumamosi nilifika Mutarule na mrija wangu mwenyewe ndani ya mfuko wa koti. Nilikuwa nimeukata asubuhi kwenye matete ya mfereji. Nilifikiri nitasema mrija wao umepasuka, au nitakosea kama mtu wa huzuni. Bella alikuwa nyuma yangu, kitenge amekifunga juu ili tumbo lisionekane, na kila mtu alikuwa ameshaliona. Wazee wawili wa Michée walikuwa wamekaa kwenye benchi ya mbele, mikono juu ya fimbo.

Shemeji yangu Niyongabo, mdogo wa Capitoline, ndiye aliyeongoza. Alisali, akataja jina la marehemu, akamwaga tone chini, akanyoosha mrija kwangu. Mama Célestine alikuwa amekaa kwenye mkeka mbele yangu, karibu hivi, magoti yetu yanagusana. Nilitoa wa kwangu mfukoni.

Niyongabo akauliza kwa sauti ya chini, huku anatabasamu kwa ajili ya wageni, kama nafikiri wametia sumu. Nikasema hapana. Akauliza basi ni sisi tunanuka? Mzee mmoja wa Michée akageuka kumtazama mwenzake. Nikaona ndoa ya mtoto wangu inasimama kwenye benchi ile, inataka kuondoka.

Hapo nikasema. Sikusema vizuri. Nilisema Capitoline ugonjwa aliupata kwangu, mnajua. Nilisema kwamba mimi nimechanjwa, tangu mwezi wa kumi na mbili, mara mbili. Kwamba chanjo inapungua, imebaki na tisini na sita, na kwamba hakuna mtu Uvira wala Kinshasa anayeweza kuniambia kama tisini na sita inatosha nikae na mama kwa mrija mmoja.

Nyuma huko mtu mmoja alisonya. Mama Célestine hakusonya. Aliniangalia kama mtu anayetafuta bei kwenye kitu ambacho ameshakinunua.

"Ulichanjwa," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Miye nilimfukuza muganga wa chanjo hapa kwenye kiwanja. Mara mbili. Nikamwambia mukwe wangu amesema. Na weye, siku zile, ulikuwa umeshachanjwa?"

Nilihesabu. Mara ya kwanza bado. Mara ya pili ndiyo. Nikamwambia hivyo hivyo.

"Uliingia ndani," akasema, "ukafunga mlango, ukaniacha inje."

Nilitaka kumwambia ni wale wakubwa, waliotudanganya mpaka mtu hajui akubali lipi. Neno lilikuwa tayari mdomoni, nimelisema mwaka mzima, linatoka lenyewe. Lakini mlango ule haukufungwa na mtu wa Kinshasa, niliufunga mimi.

Alinyoosha mkono, akachukua mrija wangu, akauvunja, akauweka kando kama mtu anayetenga kijiti cha moto. Halafu akachukua ule wa Niyongabo kutoka mkononi mwake na kuvuta yeye wa kwanza. Hiyo haifanywi. Mfiwa ndiye anayeanza. Niyongabo alisema "Mama", akaishia hapo. Mama Célestine alivuta muda mrefu, akapangusa ncha kwa kiganja, akanipa.

"Kunywa. Mutoto huyu hatazalia kwenye kilio changu."

Nilikunywa. Ilikuwa na joto la jua na chachu, na sikuweza kumeza haraka. Wanawake wakapiga vigelegele kwa uvivu, kama watu ambao hawajui kama inafaa, halafu wakaongeza. Mzee wa Michée akaomba kikombe. Kabla ya jua kuteremka nyuma ya milima walikuwa wameshataja siku ya harusi.

Sasa ni wiki ya pili. Mrija aliuvuta kabla yangu, lakini pumzi tulivuta moja, goti kwa goti. Victoire aliniambia siku kumi na ine zikipita salama, hatari imepita. Kila asubuhi ninapanda kwenye kichuguu nyuma ya nyumba, ambapo réseau ya simu inashika, ninampigia Niyongabo. Ninamuuliza habari za mihogo, kama wameng'oa, kama panya wamepungua. Halafu ninauliza, na mama? Anasema mama iko. Ninauliza amelala vizuri? Anasema shemeji, mihogo gani hiyo unayoulizia kila siku.

Siku ya tisa mama alipokea mwenyewe.

"Unapiga kusikiliza kama nakohoa," akasema.

Nikamuuliza habari za mihogo.

"Basi sikiliza."

Alisogeza simu mdomoni akapumua. Mara moja, mara mbili, mara tatu, pole pole, bila kuongea. Kifua cha mtu aliyepika kwa kuni maisha yake yote kinatoa sauti, kuna kitu ndani kinakwaruza, na kama kitu hicho ni cha zamani au cha wiki hii mimi siwezi kukitambua. Nilibana simu kwenye sikio mpaka likauma. Chini, kwenye uwanja, Bella alikuwa anaanika mchele wa harusi, anaimba.

Nilisikiliza mpaka unités za simu zikakatika. Kesho yake nikapiga tena.