Vyuma vya Ubavuni

Baba yangu hupima kila kitu. Amekata vitambaa Biashara Street tangu kabla sijazaliwa, na kazi hiyo imemwingia mwilini. Hanunui mkate bila kuutupia jicho la urefu, na kabati haliingii nyumbani kwetu mpaka yeye aupime mlango. Futi ya kitambaa humning'inia shingoni hata siku za mapumziko. Mama, Mungu amrehemu, alikuwa akimvua mlangoni na kumwambia kuwa hapa nyumbani hapana mteja.

Kwa hiyo Jumamosi ile, gari la mdogo wangu Latif liliponasa katika uchochoro wetu, mbele ya baraza letu wenyewe, ilinipasa mimi kushtuka kabla ya watu wote. Sikushtuka. Nilikuwa na furaha siku hiyo, na furaha ilinipumbaza.

Furaha yenyewe ni kwamba Baba na Latif walikuwa wanasemezana. Walikuwa wamenuniana tangu ajali ya Latif, na mimi Rumana, mtu mzima mwenye kazi yangu, nikageuzwa tarishi wa humo ndani. "Mwambie nduguyo chai iko tayari." "Mwambie Baba nimeshakunywa." Na wote wawili wameketi meza moja! Walinichosha mpaka nikatamani kuwafungia stoo, watoke wakipatana au wasitoke.

Latif ana pikapu, na hubebea kampuni moja ya Shimanzi inayochimba visima. Hupeleka pampu na mabomba mpaka huko nyuma ya Kilibasi, kwenye njia ambazo ni njia kwa jina tu. Siku ya ajali gari liliteleza likakalia jabali kwa ubavu. Bati la chini ya mlango likakunjika kuja ndani, likambana mguu. Simu hazikushika. Kingi, mwenzake wa kazi, kijana wa Kinango, alikwenda mbio kutafuta watu, na Latif akabaki mle ndani tangu asubuhi mpaka jua linakuchwa, peke yake, mguu umebanwa. Alitoka na mishono na kuchechemea kidogo. Baba ndiye aliyeumia zaidi. Mama alikuwa hajatimiza mwaka kaburini, na mzee akaona mauti yamerudi kuchukua wa pili. Akamwambia Latif aiache kazi hiyo, aje dukani. Latif akakataa. Kuanzia hapo ndipo nilipopata kazi yangu ya utarishi.

Vyuma lilikuwa wazo la Baba. Kampuni ilipomwita Latif arudi kazini, Baba alitamka mezani, macho yake kwenye bakuli la mchuzi: "Wanaokwenda huko hufunga vyuma ubavuni. Nimeuliza. Bomba nene chini ya milango, huku na huku. Jabali likija lapiga chuma, halipigi mtu."

Hakusema "mwambie nduguyo". Alimwambia mwenyewe. Latif aliacha tonge njiani.

Baba akaenda Shimanzi, akampata mchomeleaji, akamwelekeza kila kitu. Siku ya pili vyuma vikaja kwa mkokoteni: mabomba mawili meusi, kila moja na mikono mitatu ya kushika chesi, ule uti wa chuma uliobeba gari zima. Mchomeleaji alisema angevifunga hukohuko, kazi ya muda mfupi. Baba alikataa katakata. "Tutavifunga nyumbani," alisema, "mimi na mwanangu." Mimi nilikwenda jikoni nikajifanya nakatakata vitunguu.

Nyumba yetu iko Mji wa Kale, mwisho wa uchochoro usiotokea popote. Ubavuni pana kiwanja kidogo, palipokuwa na nyumba iliyoanguka zamani, na hapo ndipo gari linapolala. Kuingia na kutoka ni lazima lipite kati ya ukuta wa jirani yetu Bi Mejumaa na baraza letu, lile la mawe na chokaa alilojenga babu yake Baba. Mama alikuwa akikaa hapo kila alasiri kuchambua mchele, na sasa Baba hukaa palepale alipokuwa akikaa yeye. Njia ni nyembamba lakini tumeizoea. Mtu wa kwetu akitaka kujua kama gari litapita, hutazama vioo vya pembeni. Anavikunja, anaingia taratibu. Vioo vikipita, basi gari limepita. Chini hakuna anayetazama.

Asubuhi hiyo Baba alivaa kanzu kuukuu, akajilaza chini ya gari kwenye boksi lililokunjuliwa. Sijawahi kumwona Baba chini ya gari. Kingi aliinua chuma kwa jeki, polepole, mpaka mikono ikagusa chesi, na Latif akaanza kuingiza bolti.

"Usikaze!" Baba alimwambia. "Zishike zote kwa vidole kwanza. Ukikaza moja sasa, nyengine hazitaingia. Ni kama nguo, wapiga bandi kwanza, halafu ndiyo washona."

"Leo gari laingia kwa fundi cherehani," Kingi alisema. "Mzee, usije ukalitia na kola."

Baba akacheka. Latif naye akacheka, wamelala bega kwa bega, mafuta mpaka kwenye nyusi. Nikawaletea chai na mahamri, nikawa nawalisha pale chini maana mikono yao haikufaa. Bolti zote ziliposhika, Baba alichukua spana mwenyewe, akakaza moja moja, akizirudia, akining'inia juu ya mpini kwa uzito wake wote. Nilimwambia awaachie vijana. Alinijibu kwa ukali kuwa anayekwenda huko ni mwanawe, si mwana wa hao vijana.

Msafara wa kampuni ulikuwa uondoke Shimanzi baada ya adhuhuri. Latif aliosha mikono, akambusu Baba mkono, akapanda. Kingi akakunja vioo. Gari likatoka kiwanjani, likaingia uchochoroni, vioo vikapita vizuri, na mara tukasikia mkwaruzo uliotusisimua meno.

Bi Mejumaa akachomoza dirishani. "Latifu we, simama! Chuma chala ukuta wangu!"

Latif akasimama. Upande wa kulia chuma kilikuwa kimegusa ukuta wa Bi Mejumaa. Upande wa kushoto kilikuwa kimegota kwenye baraza letu. Vile vyuma vilitokeza nje ya gari kiasi cha kiganja, kila upande, na vilikuwa kimo kilekile cha baraza. Juu palikuwa na nafasi ya kutosha. Chini hapakuwa na njia.

Kingi aliangua kicheko. "Watu wa mji nyinyi! Mmepima gari, mmepima vyuma, uchochoro mmeusahau!"

Mimi pia nilicheka. Niliinama kutazama ni kiasi gani kimezidi, labda tungeweza kukwangua chokaa kidogo tu. Ndipo nilipouona mstari wa chaki ya buluu ukingoni mwa baraza, ile chaki bapa ya kuchoria vitambaa. Nikageuza macho ukutani kwa Bi Mejumaa. Mstari mwingine wa buluu, kimo kilekile, ukitazamana na wa kwanza.

Uchochoro haukusahauliwa. Ulikuwa umepimwa, na duniani namjua mtu mmoja tu awezaye kupima uchochoro kwa chaki ya kitambaa.

Nilimtazama Baba. Yeye alikuwa akitazama kandambili zake. Nikashika upindo wa rida yangu, lile vazi la kujitanda, nikaanza kuufuta ule mstari haraka haraka, kama mwizi, na hilo ndilo kosa langu, kwa sababu chaki ilisambaa na Latif alikuwa ametoa kichwa kwenye dirisha la upande wa baraza.

"Dada, wafuta nini?"

"Vumbi."

Mlango wake haukuweza kufunguka kwa sababu ya ukuta, kwa hiyo alipitia dirisha hilohilo la upande wa pili, mguu wake mbovu ukimtatiza, akaruka juu ya baraza na kuteremka. Aliitazama chaki. Aligusa kwa kidole. Nilitaka kumshika mkono nikashindwa.

"Baba," alisema, "ulipima?"

"Nilipima."

"Lini?"

"Kabla ya kwenda Shimanzi." Baba alikuwa hajainua uso. "Nilimwambia mchomeleaji avitokeze zaidi. Yeye alitaka vikae ndani kidogo. Mimi nikamwambia avitoe nje."

Kingi aliacha kucheka. Bi Mejumaa aliingiza kichwa ndani, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya tangu nizaliwe.

"Nikalala chini ya gari na wewe," Latif alisema. "Nikafikiri tumepatana. Nikafikiri umeridhia niende." Akaelekeza kile kidole chenye chaki chini ya mlango. "Hivi vyuma si vya gari, Baba. Hivi ni vya kunifunga mimi."

"Nilitaka ubaki," Baba alisema. "Nilidhani ukiona mambo yamekwama, msafara utakupita, utakaa hata wiki moja. Baada ya wiki tungeona. Mimi siwezi kukaa tena pale dukani jua linakuchwa na simu yako haishiki. Siwezi, Latif. Mamako hayuko wa kunishika."

Nilimhurumia na nilimkasirikia kwa pamoja, na sikujua nianze na lipi. Latif hakuwa na shida hiyo. Alichukua spana, akalirudisha gari nyuma mpaka kiwanjani, akalala chini na kuanza kufungua bolti.

Hapo Kingi alijaribu kusema la maana. "Tuvifungue, tutoe gari, tuvifunge hapo nje barabarani. Saa moja hivi. Tutawafikia wenzetu njiani."

"Sivifungi," Latif alisema kutoka chini ya gari. "Vibaki hapahapa. Vitie dukani, utundike vitambaa."

"Latif," Baba alisema. "Mwanangu, njia zile—"

"Nazijua njia zile."

"Usiende bila vyuma. Nenda, mimi sikuzuii, lakini usiende bila vyuma."

"Sitaki kitu chenye mkono wako, Baba."

Bolti ya kwanza ilianguka chini ikabingirika. Nilimwona Baba akiitazama inavyobingirika. Ule mtego aliouweka ili mwanawe asiende, sasa ulikuwa unampeleka kulekule kwenye majabali, ubavu wazi kama mara ya kwanza. Alielewa. Uso wake ulibadilika rangi, nikadhani ataanguka, nikasogea kumkinga.

Hakuanguka. Aliingia ndani ya nyumba. Nilisikia vyombo vya stoo vikipinduliwa. Alitoka ameshika nyundo kubwa ya kuvunjia mawe, iliyokuwa ya marehemu babu, akaenda moja kwa moja uchochoroni. Futi bado ilikuwa shingoni. Akainua nyundo, akapiga baraza.

"Baba!" nilipiga kelele. "Hilo la Mama!"

Akapiga tena. Saruji ya juu ilipasuka, chokaa ikamwagika, mawe ya zamani yakachungulia. Bi Mejumaa alirudi dirishani, akamwita Baba kwa jina. "Kaizar, hilo halivundwi hivyo! Huu ni Mji wa Kale, kuna watu wa kuombwa ruhusa! Kaizar!" Baba hakumsikia, au alimsikia asijali. Mikono yake ni ya kushika mkasi, si ya nyundo, na kila pigo lilimyumbisha. Kingi alimwendea akamshika kiwiko kwa adabu.

"Mzee, hapana haja. Gari litatoka bila vyuma, na vyuma tutavitoa kwa mikono. Kutoka kutawezekana."

"Najua," Baba alisema huku akihema. "Kutoka atatoka. Akirudi navyo, ataingilia wapi?"

Kingi akaachia kiwiko.

Kule chini ya gari spana ilikuwa imenyamaza. Nilisubiri. Baba alipiga tena, akapiga tena, jiwe moja la ukingoni, lile ambalo Mama aliegemezea ungo miaka yote, likang'oka na kudondoka miguuni pake. Mimi nilikuwa nalia, sikuficha, na vitunguu havikuwapo. Halafu nikasikia chuma kikigusana na chuma kiwanjani. Nilienda kutazama. Latif alikuwa ameiokota ile bolti iliyobingirika, anairudisha kwa vidole kwanza, halafu akashika spana.

Alipomaliza kukaza alikuja uchochoroni, akamtoa Baba nyundo mkononi, akamalizia yeye. Baba alisimama pembeni akimwelekeza: hapa, na hapa kidogo, basi. Hawakuombana msamaha. Pengine wataombana siku nyingine, na pengine nitatumwa mimi kuupeleka, maana nawajua.

Gari lilipita likiwa na nafasi ya vidole viwili kila upande. Latif alipunga mkono mara moja, akakunja kona ya Ndia Kuu, na mlio wa injini ukapotea kwenye makelele ya mji. Baba alivua futi, akapima upana wa njia kutoka jiwe lililobaki mpaka ukutani, akapima tena, kisha akaketi kwenye kipande cha baraza kilichosalia, kisichomtosha. Simu aliiweka pajani. Nilimwambia aingie ndani apumzike, akanambia nimwache.

Alasiri Bi Mejumaa alitoka na kigoda chake akakiweka pale palipobomolewa, apunge upepo na kumpa mzee wetu maneno yake yote aliyoyaweka akiba. Baba alimkatalia.

"Usikae hapo, Bi Mejumaa," alisema. "Hapo ni njia."