Kabati Lililokosa Koti la Harusi

Usiku wa jana niliota nimefukuzwa kwenye kozi yangu mwenyewe, na niseme mapema kwamba sikuwa nimekula maharage.

Jambo lilianza mchana. Mimi ni Mwalimu Gervas, nafundisha kozi ya kushona suti, na fomu yetu inasema wazi: mwombaji awe anajua kukata kitambaa, kushona matundu ya vifungo, na kusoma futi ya kupimia. Mama Filotea, aliyeshona sare za shule miaka ishirini, mawili ya kwanza anayajua kunizidi. Futi hajui kusoma. Watu wote amewapima kwa kamba, anafunga fundo begani, fundo kifuani, fundo kiunoni. Nikamrudisha. Hakubishana. Alisema tu, "Haya, mwalimu," akaifungia kamba yake kwenye pindo la khanga. Afadhali angenitukana.

Basi ndotoni nafika ofisini, nakuta kiti changu kimekaliwa na futi yangu ya njano. Imejikunja vizuri, imevaa miwani, inasaili waombaji. Mikasi miwili inalinda mlango.

Kuku ndiye wa kwanza. Anaulizwa kama anajua kukata. Anajibu kukata hajui, kuparua anajua. Futi inamwambia arudi mwakani akiwa na vidole. Kuku anaona ni haki, lakini haondoki. Unafuata mto wa kulalia, nao unasinzia katikati ya usaili. Nyuma kabisa yupo Mama Filotea, na anaposogea futi haimtazami hata usoni.

"Sheria ni sheria," inamwambia, kwa sauti yangu kabisa. Nilikereka mno kusikia nilivyo.

Mara ofisi ni kanisa. Mbele amesimama bwana harusi, ambaye ni kabati la mninga la milango miwili, na halina koti. Bibi harusi ni dresingi tebo ya ukoo mzuri. Baba yake ameshasema: kengele ikilia kabati likiwa bila koti, anaondoka na binti yake. Kabati linatetemeka mpaka henga zinagongana tumboni.

Futi inapanda kwa mbwembwe begani mwa kabati ilipime. Hapo hapo namba zake zinaanza kudondoka sakafuni kama mchele. Kuku anazidonoa zote. Anaacha sifuri tu, anasema hazishibishi.

Futi imebaki utepe mtupu. Mikasi inanigeukia, inauliza kama naweza kupima bila namba. Nasema siwezi. Inaandika kwenye fomu yangu, "Hana sifa," kisha inanishika mikono, mmoja huku na mwingine huku, nisindikizwe nje. Mlangoni namkuta Mama Filotea bado amepanga foleni, mtu ameshakataliwa mara mbili. Aibu ikanishika kweli kweli.

"Mama, nisamehe, nilikosa mimi," namwambia. "Lipime hili kabati kabla kengele haijalia."

Anafungua pindo. Kamba yake ni fupi kwa mwili wa kabati, kwa hiyo anaichukua ile futi isiyo na namba na kuifunga yenyewe: fundo begani, fundo kifuani, fundo kiunoni. Futi inaguna lakini inatulia. Mikasi inakata kitambaa kwa adabu zote. Kifungo cha mwisho kinaingia, kengele inalia. Kabati linafurahi mpaka droo zinafunguka, vigelegele vinapigwa, na mimi nalia machozi, utadhani harusi ni yangu.

Nikaamka kumekucha. Futi yangu ilikuwa kwenye msumari wake kama siku zote, namba zake zote zimerudi, ila ilikuwa na mafundo matatu. Maisha yangu yote sijawahi kufunga futi fundo. Nikaipeleka kwenye kabati langu la nguo. Fundo la kwanza likaangukia kwenye kona ya juu, pale pale Mama alipopimia bega.

Nikampigia simu Mama Filotea. Nikamwambia aje Jumatatu aanze, kusoma futi nitamfundisha mwenyewe, na yeye anifundishe kamba. Akashukuru sana, akawaombea na wanangu.

"Lakini mwalimu," akasema, "lile koti halikulibana kabati kwapani?"